Bustani ya mjini ndege hawaji, mbu wamejaa, watoto wanaogopa: tatizo liko wapi?

Ploti yetu ni ya kawaida tu, 50 kwa 100, hizi za futi ambazo madalali wa Kampala wanazikata kila kona, yaani desimo 11 na kitu (desimo ni sehemu moja ya mia ya eka), na nyumba ikishachukua yake na gari likapata pa kugeukia kinachobaki ni kijisehemu ambacho mtoto akikimbia kidogo ameshafika ukutani. Tuko Bweyogerere. Nilichotaka ni bustani ya kuchuma nakati na sukuma, watoto wacheze, alafu ndege na vipepeo waje wenyewe. Mwaka wa kwanza walikuja mbu.

Naandika matatizo vile yanavyojitokeza, ruka uende kwenye lako. Ila ujue mapema kwamba mengi nikifuata chanzo naishia pale pale: tunafagia mno. Huku kwetu kampaundi isiyofagiwa asubuhi ni aibu, mgeni akikuta majani chini anadhani wenye nyumba wanaumwa au wamehama. Sasa mdudu anaishi kwenye majani, chura analala chini ya majani, ndege anamtafuta huyo mdudu, wewe umefagia kutoka getini mpaka ukuta wa nyuma na umechoma moto, umewafukuza wote kisha unauliza mbona hawaji.

Ndege hawaji, au wanaokuja ni kunguru na karoli tu

Karoli, wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, hawafuati bustani yako, wanafuata takataka. Ukimwona amesimama juu ya paa kama askari wa zamu, usiangalie miti, angalia pipa. Mabaki ya nyama na samaki yakikaa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) nje ya geti siku tatu, utawapata. Funika pipa, wataenda kwa mwingine. Kunguru hivyo hivyo. Walioko Entebbe wana tumbili juu ya hapo na dawa ni ile ile, pipa lenye kifuniko kizito na chakula kisiachwe verandani.

Kama hata hao hawaji, simama mlangoni uhesabu pevasi, yale matofali ya kutandaza chini. Sitanii. Kampaundi nyingi mpya ni pevasi ukuta kwa ukuta, na pembeni michikichi ya mapambo minne na ua wa kijani uliokatwa kama boksi. Ni kijani sawa, lakini hakuna chakula hata kidogo. Ndege anakuja kwa sababu ya tumbo. Chozi, yule mdogo wa kung'aa mwenye mdomo uliopinda, anataka maji matamu ya maua: panda kifumufumu (ule wenye mipira ya miiba na maua ya rangi ya chungwa, shambani tunaung'oa kama gugu), haibiskasi ya maua ya kawaida, na ukiwa na nafasi jjirikiti, ule mti wa maua mekundu. Shore na wenzake wanataka matunda, mpera na mpapai vinatosha, papai la juu kabisa ambalo hulifikii waachie tu. Mutuba, ule mtini wa nguo za magome, unaleta ndege kuliko mti wowote ninaoujua, mpaka hondohondo, lakini kwenye 50 kwa 100 usithubutu, mizizi yake itakuingia kwenye ukuta na tanki la choo. Kama jirani mwenye eneo kubwa anao mwombe asiukate, basi.

Alafu maji. Kifuniko cha sufuria kubwa kilichogeuzwa, ndani mawe mawili matatu, maji ya kina cha vidole viwili. Kiweke mahali peupe, hatua tatu nne kutoka kichakani, paka asipate pa kujificha. Mimi niliweka chini ya haibiskasi kwa sababu palipendeza, paka wa jirani akanishukuru.

Na kama chakula kipo na maji yapo lakini kimya, uliza nani anapuliza dawa. Kwangu alikuwa kijana wa shamba, kila mwezi anapitisha pampu kwenye kila kitu hata ukuta, eti ndo kazi aliyofundishwa pale kwa bosi wa zamani. Dawa ya kupuliza haichagui, inaua kipepeo na kidukari pamoja, na ndege anayelisha vifaranga anahitaji viwavi kila siku. Tuliacha. Mwanzo vidukari vilijaa kwenye sukuma kweli, nilikuwa navipukutisha kwa maji ya sabuni na karibu nirudi kwenye pampu, ila baada ya wiki kadhaa wale wadudu wadogo wa duara, wekundu wenye madoadoa, wakafika wakaanza kuvila.

Mbu wameongezeka tangu upande bustani

Hapa kila mtu atakwambia fyeka. Mbu mchana anapumzika kwenye majani ni kweli, lakini hazaliwi huko, anazaliwa kwenye maji yaliyosimama. Ukifyeka umemnyima kiti tu.

Zunguka baada ya mvua. Sahani za chini ya vyungu, tairi (mtu akikuuzia wazo la bustani ya tairi itoboe kwanza huko chini), jerikani iliyokatwa, kopo la rangi, toi za watoto, gata iliyoziba majani, mianzi iliyokatwa ikabaki na kikombe juu. Kwa joto letu yai la mbu linaweza kufika kuruka kwa siku saba mpaka kumi hivi, ndio maana ukimwaga maji yote mara moja kwa wiki bila kukosa unamkatiza njiani. Sisi ni Jumamosi asubuhi, watoto wanapita na fimbo wakigeuza kila chenye maji, anayepata viluwiluwi vya mbu wengi anachagua katuni. Ya ndege tunamwaga kila baada ya siku mbili. Ukishamaliza yote na bado wapo, angalia mfuniko wa tanki la choo na bomba lake la hewa, lifunge wavu.

Bwawa? Kama mnataka, weka samaki wadogo na mimea ya maji, kereng'ende watakuja na watoto wa kereng'ende wanakula mabuu ya mbu humo humo majini. Lakini mtoto mdogo anazama kwenye maji ya kina cha kiganja, na anazama kimya, hapigi kelele. Mimi msimamo wangu ni kwamba nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano haina bwawa, ina kifuniko cha sufuria. Wanaosema wataweka wavu wa chuma juu yake sawa, uwe wa nondo unaobeba uzito wa mtu, si ule wa kuku.

Neti bado mnalala ndani yake, bustani haitibu malaria.

Maboga yanatoa maua mengi, kitunda kinakuwa cha njano kinaoza

Hii ilinisumbua msimu mzima. Niliweka mbolea, nikaongeza maji, nikapunguza maji, mtu akanambia nimerogwa. Siku moja saa moja asubuhi nikachuchumaa na binti yangu wa miaka saba tukaangalia ua kwa ua. Maua ya boga ni aina mbili. Dume linakaa kwenye kikonyo chembamba kirefu, ndani kuna kitu kama njiti yenye unga wa njano unaobaki kidoleni. Jike lina kibonge chini yake, kiboga kidogo kabisa cha ukubwa wa gololi kikiwa tayari kijani. Yanafunguka alfajiri na kabla ya saa sita mchana yamesinyaa, hayafunguki tena. Kwa hiyo nyuki ana asubuhi moja tu ya kubeba unga kutoka huku kwenda kule, asipokuja asubuhi ile kiboga kinageuka njano na kudondoka. Sisi tulikaa dakika ishirini hatukuona nyuki hata mmoja. Pampu ile ile ya dawa.

Dawa ya haraka: chuma dume, ng'oa majani yake ya njano ubaki na ile njiti, pakaza ndani ya jike. Binti ndo alifanya, akayapa majina yote matano. Manne yalishika. Dawa ya kudumu ni kuwarudisha nyuki: acha mrehani na mujaaja vichanue badala ya kuvikata, panda alizeti, na mululuuza (ule wenye majani machungu) ukiwa na nafasi kwenye fensi.

Matunda ya pasheni nayo hivyo hivyo, maua mazuri, matunda hakuna. Ua la pasheni ni pana, nyuki wa kawaida anapita chini anakula unga bila kugusa panapotakiwa. Anayeliweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kama bodaboda, anayetoboa mbao. Sisi tukimwona kwenye boriti tunampulizia. Mwachie gogo kavu au nguzo ya zamani mbali na nyumba, atatoboa huko na pasheni zako zitazaa.

Mlimau unaliwa majani na kuna kinyesi cha ndege kinachotembea

Si kinyesi. Ni kiwavi wa kipepeo yule mkubwa mweusi na njano anayepita kampaundi nyingi Kampala. Akiwa mdogo anajifanya mavi ya ndege, kahawia na nyeupe, ndege asimguse. Akikua anageuka kijani. Mguse kidogo mgongoni na jani: kichwani anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa, laini, na harufu kama machungwa yaliyooza, alafu anazirudisha ndani. Mwanangu wa mwisho alipiga kelele nikadhani nyoka, baada ya hapo akawa anawaita watoto wa jirani waje kunusa.

Kama mlimau ni mti mkubwa, usifanye lolote, utaotesha majani mengine. Kama ni mche wa mwaka mmoja watauvua uchi, kwa hiyo waokote kwa mkono uwahamishie kwenye mti mkubwa wa jamii hiyo hiyo, mchungwa, mchenza, sawa tu. Mmoja mweke kwenye chupa pana yenye kitambaa mdomoni, badilisha majani kila siku. Atajining'iniza kwenye kijiti awe kama jani kavu, wiki mbili hivi anatoka.

Mmeona nyoka

Watoto ndani, mbwa ndani, mtu mzima mmoja abaki anaangalia kwa mbali ameelekea wapi. Usimpige, watu wanang'atwa wakijaribu kumuua. Hajatoka, piga simu kwa watu wa wanyamapori UWA.

Kisha uliza amefuata nini. Nyoka hafuati maua. Anafuata panya, vyura na mayai, na anataka pa kujificha. Kwa hiyo kagua: chakula cha kuku kinachomwagika usiku, maganda ya matooke yaliyorundikwa wazi (hayo ni karamu ya panya, yafukie au yafunike kwenye pipa la mboji), rundo la matofali yaliyobaki ya ujenzi lililoegemea ukuta wa jikoni, mabati. Rundo la magogo kwa ajili ya wadudu na vyura ni zuri, ila liwe kona ya mwisho kabisa, na kati yake na nyumba pawe na nyasi fupi au ardhi iliyofagiwa mita kadhaa, nyoka hapendi kuvuka peupe. Hapo ndo ufagio una kazi.

Sumu ya panya achana nayo. Panya aliyekula anatembea amelewa, bundi anamkamata, bundi anakufa, mwezi ujao panya ni wengi zaidi. Najua bundi huku akilia juu ya paa watu wanaanza kuhesabu wagonjwa wa ukoo. Mimi nikimsikia najua stoo yangu ina mlinzi. Tumia mtego.

Akimng'ata mtu: mlaze atulie, toa pete na bangili, hospitali moja kwa moja. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, na jiwe jeusi lisikupotezee muda. Mjusi kichwa bluu anayepiga pushapu ukutani hana sumu, na kinyonga pia hana, jamani.

Mtoto amevimba, amebabuka au anatapika

Malengelenge kama ya moto shingoni au mkononi msimu wa mvua, mara nyingi ni Nairobi flai, kadudu kembamba mistari nyeusi na chungwa. Hakaumi, kanapondwa, maji yake ndo yanachoma, na inatokea baadaye kesho yake. Fundisha watoto kukapuliza wasikapige kofi, osha kwa sabuni palipoguswa, na zima taa za nje usiku maana ndizo zinakaita. Taa hizo hizo zinaita senene Novemba, huo ndo ugumu wa maisha.

Kama ametafuna kitu, ondoa swali la "atakuwa amekula nini" kwa kukagua leo. Mbono na mbono kaburi, mbegu zake ni sumu kali na watoto wanazicheza kama karanga. Lusiiti, zile punje nyekundu na nyeusi za shanga. Ule mti wa fensi wenye maua ya njano kama kengele na majani membamba, sumu yake ni ya moyo. Mbegu za jjirikiti nazo usimwache azichezee mdomoni. Minyaa, utomvu wake ukiingia jichoni osha kwa maji mengi na mkimbie hospitali. Lantana wengi wanaipanda kwa ajili ya vipepeo na ni kweli wanaipenda, lakini matunda mabichi yana sumu na inasambaa kama deni, mimi niliing'oa.

Tunda lenye alama za meno ya popo mtoto asile hata upande mwingine. Popo mwenyewe mwache, zamani walikuwa na bonde lao zima karibu na barabara ya Bombo mjini.

Kila unachopanda kinadumaa

Chimba shimo la goti ulijaze maji. Yakikaa mpaka kesho, unalima juu ya murram ya wajenzi iliyoshindiliwa na malori. Fukua mpaka sentimita 40, changanya samadi iliyoiva na makapi ya kahawa yaliyokaa, funika kwa majani makavu. Fanya kabla ya mvua za Machi au za Septemba. Samadi mbichi inaunguza, usiharakishe.

Watoto hawakai bustanini

Kwetu sababu ilikuwa mimi. Usikanyage, usichume, usiguse. Niliwapa kona ya kuchimba matope ambayo ni yao, na mpera wa kupanda, matawi yake yanapinda hayakatiki ovyo (jambula, yaani zambarau, ni tamu lakini tawi linakatika bila kuaga, na sare ya shule haitakasiki tena). Kivuli saa tisa mchana ni muhimu kuliko bembea. Angalia jua linapigia wapi saa hiyo ndipo uamue pa kukaa.

Ndege anagonga dirisha kila asubuhi

Kioo cha giza. Anaona dume mwenzake ndani anampiga. Paka sabuni upande wa nje au tundika shuka la zamani wiki chache mpaka msimu wake wa kutaga upite. Kioo cha pembeni cha gari, kivalishe soksi.

Mama anasema mmegeuza kampaundi kuwa msitu

Hili halina dawa ya dukani. Mama yangu alikuja kukaa nasi, siku ya pili nikaamka nikakuta majani yote ya kona ya nyuma yamefagiwa na yanafuka moshi, na chura mmoja amekaa katikati ya uwanja mtupu kama aliyeachwa na basi. Sikusema kitu, huwezi kumfokea mama kwa kukusaidia kazi. Jioni nikaenda na watoto tukapanga mawe meupe kutoka kwenye mpera mpaka ukutani, nikamwambia mama, huku kwa nyumba ni kwako, pafagie mpaka pang'ae, kule ng'ambo ni kwa wanyama wa Jjajja (bibi), wajukuu wamekuwekea. Hakujibu. Asubuhi nikasikia ufagio saa kumi na mbili kama kawaida, nikachungulia dirishani: amefagia mpaka kwenye mawe, akasimama, kisha yale majani yote akayasukuma kwa ufagio yakavuka upande wa pili.